Viti vya ndege katika mchezo wa kuendesha shirika la ndege: uzoefu wangu nikiwa Zanzibar

Kama unaucheza mchezo huu kwa mapenzi ya ndege zenyewe, kitu cha kwanza cha kuhakiki ni idadi ya viti. Mengine yamekaa vizuri. Ramani ni nzuri, uwanja wa Abeid Amani Karume upo, na hata wa Pemba upo, jambo ambalo watengenezaji wengi wa michezo ya aina hii hawalishughulikii. Bei ya mafuta inapanda na kushuka, matengenezo yana gharama zake, nauli unapanga mwenyewe. Lakini kila hesabu ya faida inaanzia kwenye kiti, na humo ndimo nilimokuta kasoro ambazo mchezaji wa huku zinamgusa zaidi kuliko mwengine yeyote.

Mimi ni Mpemba ninayekaa Unguja, kwa hiyo shirika langu nililiwekea makao Zanzibar na njia ya kwanza niliyofungua ni ya Chake Chake. Hiyo ni safari ya kama nusu saa hivi, na ndege tuliyoizoea katika njia hiyo ni Cessna 208B Grand Caravan, yenye injini moja. Mchezo unaipa Caravan viti 9. Nambari hiyo ina asili yake: Marekani, ndege ya injini moja inayobeba abiria kwa biashara haizidishi abiria 9. Huku sheria ni nyengine. Caravan za kwetu hupakia abiria 12 au 13, na ikijaa, mmoja anakaa mbele ubavuni mwa rubani. Yeyote aliyewahi kuipanda kwenda kuzika au kwenda harusini Pemba anajua hivyo.

Kwenye ndege ya watu mia mbili, viti vitatu si kitu. Kwenye Caravan, kutoka 9 kwenda 12 ni thuluthi nzima ya mapato, na mafuta yanayoungua ni karibu yale yale. Matokeo yake mchezo unakuonyesha hasara kila siku, kisha unakushauri uiuze Caravan ununue ATR, ndege kubwa zaidi ya injini mbili. Kijana wa Wete au Mkoani anayejifunza biashara ya anga kwa mchezo huu ataamini kwamba Pemba haihudumiki kwa ndege ndogo, na hali ndege ndogo ndizo zinazotuvusha kila siku. Hilo limeniuma kweli. Kama walitaka kuibana Caravan, wangeibana kwa uzito. Grand Caravan ya kawaida hairuki ikiwa na zaidi ya kilo 3,969 kwa jumla, ndege yenyewe, mafuta, watu na mizigo, na ndiyo sababu tunaambiwa begi liwe laini na lisizidi kilo 15. Uzito huo mchezo hauuhesabu kabisa.

Ndege kubwa zina kasoro ya upande wa pili: zimepewa viti vingi mno. Boeing 787-8 imeandikiwa 381. Nambari hiyo ni ya kweli kwenye cheti cha kuidhinisha aina hiyo ya ndege, kwani ndiyo idadi ya juu inayoruhusiwa kwa milango yake, lakini hakuna shirika linalopakia hivyo. Jetstar ya Australia, inayobana nafasi kwa ajili ya nauli nafuu, iliweka 335. Air Tanzania imeweka 262: 22 daraja la biashara na 240 daraja la kawaida. Dash 8-400 nayo mchezo unaipa 90. Zipo za viti 90, SpiceJet ya India inazo, ila magoti yanagusa kiti cha mbele. Ya Air Tanzania ina viti 76.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba hawakufuata kipimo kimoja. Airbus A220-300 wameipa 130, ambayo ni idadi ya kawaida ya madaraja mawili, karibu sawa na 132 za Air Tanzania. Basi 787 imepimwa kwa ukomo wa cheti, A220 kwa mpangilio wa kawaida, Caravan kwa sheria ya nchi moja. Ukizilinganisha tatu hizi ndani ya mchezo ili uamue ununue ipi, unalinganisha vitu visivyolingana.

Ukomo wa cheti unatokana na milango. Mtengenezaji lazima aonyeshe kwamba ndege iliyojaa inaweza kutoka watu wote ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango imefungwa. Airbus walipoijaribu A380 mwaka 2006, watu 873 walitoka kwa sekunde 78, na ndipo ikapewa ukomo wa abiria 853. Kutoka hapo kila shirika huamua lenyewe: nafasi ya miguu, daraja la biashara, choo, jiko. Na wahudumu pia, kwa sababu kanuni inayotumika sehemu nyingi ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50. 787 ya viti 262 inataka wahudumu 6 kwa uchache. Ya 381 inataka 8. Mchezo unatoza mishahara ile ile kwa zote mbili, kwa hiyo anayejaza viti hadi ukomo anapewa faida ya bure.

Njia ninayoitumia kuhakiki ni kuhesabu safu. A220 ina viti vitano kwa safu, viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili. Safu 24 zinatoa 120 za daraja la kawaida, na safu tatu za viti vinne mbele zinatoa 12. Jumla 132, imekubali. Nambari isiyokubali hesabu ya safu, itilie shaka kwanza, kisha tafuta ramani ya viti ya shirika lenyewe.

Niliwaandikia watengenezaji na kuwaambatanishia ramani hizo. Walijibu kwa heshima, na toleo lililofuata lilirekebisha ATR 72-600 ikawa 78, ambayo ndiyo idadi yake ya juu. Caravan bado.

Nimewapa nyota tatu kati ya tano, na nyota mbili zilizopungua zote ni za Caravan. Viti vilivyozidi vinatengenezeka: ingia sehemu ya mpangilio wa ndani, shusha 787 hadi 262 na Dash hadi 76, utaona safari za Dar na za mbali zinaleta hesabu inayofanana na ya kweli. Viti vilivyopungua mchezaji hana la kufanya, kwa kuwa mchezo unaruhusu kushusha tu, haukubali kupandisha. Kwa sasa anayetaka njia ya Pemba aanze na ATR 42 ya viti 48, arushe mara chache kwa siku, na Caravan aiweke kando mpaka watakapoipa viti vyake.