Lori la jeshi nyota tano, nyumba iliyowekwa juu yake nyota mbili

Hili lori tumeishi nalo miezi minne sasa kwa hiyo naona nina haki ya kuongea. Ni M1083, lori la jeshi la Marekani la ekseli tatu, matairi sita yote yanavuta. Nililinunua mnadani likiwa na bodi ya kubebea mizigo nikalipeleka karakana moja inayojenga nyumba za safari juu ya malori. Jina la karakana silitaji, sitaki kesi.

Nianze na lori maana hapo sina malalamiko mengi. Familia hii ya malori ilianza kuingia jeshini 1996 na asili yake wala si Marekani, ni Steyr 12M18 ya Austria, Wamarekani wakaichukua wakaifanyia mambo yao. Injini ni Caterpillar 3116, silinda sita, lita 6.6, hospawa 290, gia boksi ni Allison otomatiki ya gia saba, yani mtu aliyezoea gari dogo anapanda anaondoka, hakuna kupigana na klachi. Ila kinachonipa raha kuliko vyote ni ule mfumo wa upepo. Unafika kwenye mchanga, unabonyeza kitufe, unakaa unasikia pssss matairi yote sita yanapungua, ukitoka unabonyeza tena yanajaa yenyewe huku unatembea. Nishawapita watu wamepiga magoti na kipimo cha upepo mkononi nikawapungia tu (najua ni ushamba, niacheni niringe kidogo).

Kelele ipo, injini iko chini yenu kwenye kabini na mnaongea kwa kupayuka. Ukifika 90 kwa saa ndo mwisho, na dizeli linakunywa karibu lita 40 kila kilomita 100. Mwenye haraka zake atafute kitu kingine.

Haya, sasa boksi, yani hiyo nyumba yenyewe. Kuta za faiba zenye povu katikati, sola, tenki la maji lita 500, hita ya dizeli, siku ya kukabidhiwa nilijiona kama nimepewa hoteli. Wiki ya pili tukaegesha jioni sehemu ambayo haikuwa tambarare, tairi la mbele kushoto likawa limepanda juu ya kichuguu, nikasema potelea mbali ni usiku mmoja tu. Mke wangu yuko ndani, mimi niko nje natafuta mawe ya kuzuia matairi, mara nasikia anagonga. "Baba Neema, mlango!" Nikavuta, wapi. "Umefunga loki?" "Nimefunga nini, vuta huko!" Nikavuta mpaka kitasa kikalia, mwishowe akatokea dirishani, miguu kwanza, huku akiongea maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikarudisha gari nyuma likashuka kwenye kichuguu, mlango ukafunguka kwa kidole kimoja. Asubuhi nikaangalia kona ya juu ya fremu ya mlango nikakuta ufa, mwembamba kama unywele, urefu wake kama kidole.

Iko hivi. Chasisi ya hili lori ni reli mbili zenye umbo la C na zimetengenezwa zijinyonge makusudi, tairi moja likipanda na lingine likizama shimoni chasisi inajipinda ili matairi yote yabaki chini yanavuta. Boksi la faiba halijui kujipinda. Ukilikaza juu ya chasisi kama hiyo kwa bolti pande zote, mmoja lazima aumie, na chuma hakitakuwa cha kwanza. Ilitakiwa pawe na fremu ndogo katikati, imeshikwa sehemu tatu kwa pivoti, yani viungo vinavyocheza, moja mbele na mbili nyuma, au ikazwe upande mmoja na upande wa pili ikalie springi, chasisi ifanye vurugu zake huko chini boksi limetulia.

Nikarudi karakana. Mzee mwenyewe akanisikiliza vizuri akasema, "Bosi, tunajenga hivi miaka yote, hatujawahi kupata shida." Na hakudanganya! Wao walizoea MAN KAT1 za Wajerumani, zile zilizoanza kuingia jeshini 1976, na chasisi ya KAT imeundwa kwa muundo wa boksi, ngumu haijinyongi, unafunga nyumba moja kwa moja na maisha yanaendelea. Wakachukua mazoea ya KAT wakayaleta kwenye gari langu. Kwa hiyo ukienda kwa fundi usimuulize ameshajenga mangapi, muulize ameyajenga juu ya lori gani.

Kingine kilichonikera ni tairi la spea. Jeshi waliliweka nyuma ya kabini na kifaa chake cha kulishushia, hawa wakang'oa kifaa wakalitundika nyuma ya boksi juu ya kichwa changu, bila winchi. Tairi na rimu yake ni zaidi ya kilo mia. Sasa tulishushe na nani?

Nisiwaonee lakini. Kabini hii inalala mbele ili ufikie injini, sasa njia ya kupita kati ya kabini na boksi wameiwekea mpira wa kukunjika wenye klipu, unautoa dakika tano na mvua haijawahi kupita. Hiyo ni kazi ya mtu anayefikiri.

Wengi wananiuliza ekseli tatu za nini. Si za tope jamani, ni za uzito. Ndugu yake wa ekseli mbili, M1078, anabeba kama kilo 2,260 na huyu kama 4,530, na boksi langu likijazwa maji na vitu halingeingia kwa yule mdogo. Ila ningejenga dogo zaidi ningemchukua mdogo, matairi mawili pungufu ya kununua, na kwenye kona kali matairi ya nyuma hayajiburuzi chini.

Fundi mwingine ndo kanitengenezea hizo pivoti. Jana nikalipandisha tairi lile lile juu ya gogo makusudi. Mama Neema kakataa katakata kuingia, nikaingia mimi yeye akabaki nje na simu anarekodi, yani alikuwa anaomba nikwame. Mlango umefunguka.