Kamba ya kazi ya zimamoto: katani, ya bluu au poliesta?

Wadau, karibuni tena. Leo nipo Moshi, na mezani nina kamba tatu kutoka soko la Mbuyuni: ya katani, hii ya plastiki ya bluu mnayoijua wote, na ya poliesta. Walinzi na vikosi vya zimamoto vya hotelini na viwandani wananiuliza sana ipi iwekwe kwenye mfuko wa vifaa.

Kwanza tuelewane. Hii ni kamba ya kazi. Inapandisha shoka na mpira wa maji ghorofani, inafunga ngazi isiteleze, inazungushiwa eneo watu wasisogee. Mtu haning'inizwi humu, hata awe mwepesi vipi! Kamba ya kuokolea watu ina viwango vyake na daftari lake, na haiazimwi kwenda kufunga mzigo. Zitofautisheni kwa rangi, maana usiku moshi ukishatanda hakuna wa kusoma lebo.

Haya, ya bluu. Bei yake haiumizi, ni nyepesi, na inaelea, kwa hiyo kwenye mafuriko ina nafasi yake. Kwenye moto mimi siitaki. Hii ni polipropilini, inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 165 za Selsiasi, wakati poliesta inafika 250 na kidogo. Na si lazima iguswe na moto. Ikipita kwa kasi juu ya kamba nyenzake, msuguano peke yake unaiyeyusha. Sogezeni macho hapa: nimeivuta kwenye ukingo wa chuma ikiwa na mzigo, na mahali iliposuguliwa pameng'aa, pamekuwa pagumu kama pamepakwa vanishi. Kipande hicho hakiaminiki tena. Jua nalo linaimaliza; ukiona inaacha unga ukiipitisha mkononi, achana nayo.

Katani haiyeyuki, ingawa inaungua, na ukiwa umevaa glavu inashikika vizuri kuliko zote. Shida yake ni maji, na zimamoto ni kazi ya maji. Ikirudi imelowa ikafungiwa kwenye boksi la gari, inaoza kuanzia ndani. Hii ni kuukuu, kwa nje inapendeza. Sasa naisokotoa kinyume mishipi ifunguke... mnaona? Ndani ni kijivu, inanuka uvundo, nyuzi zinakatika kwa vidole. Usiponunua kamba ya kusokotwa kwa kuifungua hivi, umenunua rangi tu.

Mimi nachukua poliesta. Haivutiki sana mzigo ukining'inia, na ikilowa haipungui nguvu kama nailoni. Ubaya wake, ukiacha bei, ikiwa mpya inateleza, kwa hiyo ukifunga fundo acha mkia mrefu.

Utunzaji wala hauna gharama. Ioshe kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo kali, jiki hapana, kisha ianike kivulini. Msiruke kuosha, vumbi letu la huku lina chembe kali, likiingia katikati ya nyuzi linazikata kila kamba inapovutwa. Iweke mbali na petroli, na mbali kabisa na betri ya gari, kwa sababu hata mvuke wa asidi unaidhoofisha, nailoni ndiyo zaidi. Fungua mafundo yote kabla ya kuihifadhi. Halafu ipitishe mkononi, kipande kwa kipande, ukitafuta palipokonda, palipokakamaa au palipobadilika rangi. Ikishakataliwa ikateni vipande vifupi. Ukiitupa nzima kesho utaikuta inafanya kazi.

Na urefu? Msipimie kimo cha jengo peke yake. Ghorofa ya tatu ni kama mita 10 kutoka chini, lakini mzigo unahitaji pia mkia wa kushikwa na mtu aliye chini, auvute mbali na ukuta usivunje madirisha. Ongeza na mafundo. Kwa jengo hilo chukueni mita 30, unene milimita 12. Nyembamba zaidi ya hapo glavu haziikamati.