Ushauri wa fomu ya klirensi ya Marekani, mji wa kale Malindi: nyota nne

Nimekaa wiki mbili najiuliza niandike ama ninyamaze, maana mambo ya bangi na ya nyumbani si ya kutangaza, lakini najua kuna wazee wenzangu hapa Malindi na kule Lamu wana watoto wenye paspoti ya Marekani, itawafaa.

Kijana ni mtoto wa ndugu yangu. Kazaliwa kule, kalelewa hapa kwa bibi yake tangu darasa la tatu. Sasa kapata kazi ya kompyuta huko, kwa kampuni inayofanyia jeshi kazi, na wanataka awe na klirensi, yaani kile kibali cha kuaminiwa siri za serikali. Fomu yake inaitwa SF-86 na ni ndefu ajabu: mahali pote ulipokaa miaka 10, safari zako, jamaa zako walio nje. Sehemu ya 23 ndiyo ya dawa za kulevya, wauliza ndani ya miaka 7 iliyopita umetumia chochote kinyume cha sheria? Hapo tukakwama. Kijana amevuta.

Tulianzia saiba moja, siitaji jina. Jamaa hata macho hakuinua, akasema tia hapana, mambo ya huku nani atayajua, na akataka amjazie palepale kwenye kompyuta ya kila mtu, namba zake zote za kule zibaki mle. Nkamshika kijana mkono tukatoka.

Ndipo jirani akatuelekeza kwa huyu mama. Chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, alifanya kazi za ofisi Marekani miaka mingi, akastaafu akarudi kwao. Tulipoketi jambo la kwanza alinigeukia mimi, "Ami, tupishe kidogo, mbele yako hatasema." Nkatoka nkakaa barazani. Kwa kweli niliona uchungu, lakini alikuwa sawa, mimi nimekaa na mtoto huyu miaka yote na sikuwahi kumuuliza.

Waliponiita tena kulikuwa na karatasi mezani imeandikwa kwa penseli, imefutwa, imeandikwa tena. Mara ngapi, na nani, wapi, mwisho lini. Mwisho ilikuwa Maulidi ya Lamu 2022, usiku, kwenye boti na wenzake. Kijana ameinamisha kichwa. Mimi sikusema kitu.

Basi mama akatueleza vizuri, bila kututisha na bila kutubembeleza. Kule majimbo mengi yameruhusu bangi lakini klirensi haiangalii jimbo, yaangalia sheria ya serikali kuu, na huko bado ni haramu. Anayetumia sasa hivi hapati, hiyo ni sheria tangu 2008. Aliyewahi kutumia akaacha ni mambo mengine, mwaka 2021 mkuu wa ujasusi wao alitoa waraka kwamba bangi ya zamani itaangaliwa ila peke yake haimfungii mtu mlango. Wanapima imepita muda gani, ulikuwa unavuta mara ngapi, umewaacha wale wa kuvuta nao, na uko tayari kutia sahihi kwamba hutarudia, ukirudia wakunyang'anye kibali.

Kinachowaangusha wengi, akasema, ni uongo. Ukidanganya kwenye fomu ile ni kosa la jinai, mpaka miaka 5 jela, na wapelelezi wanaongea na majirani na marafiki. Na fomu yenyewe imeandika kwamba ukisema kweli kwenye sehemu ya 23 hayo majibu hayatatumika kukushtaki. Jamaa wa saiba hata hakuisoma.

Kijana akauliza na muguka je, ile aina ya miraa? Hapa kwetu twaona ni majani tu, hata zile kelele za kaunti kupiga marufuku 2024 wengi hawakuzijali. Mama akamwambia kathinoni iliyo ndani ya miraa iko kwenye orodha yao ya dawa zilizokatazwa tangu 1993, kwa hivo usitafune tena, na hilo nalo uliseme. Hilo mimi nilikuwa silijui kabisa, na mtu angeweza kupotezea kazi hapo.

Fomu hakuijaza yeye. Alikataa katakata, akasema jaza mwenyewe kwenye laptopu yako, mimi nakusaidia kukumbuka tu.

Nyota moja nimeikata kwa sababu tulingoja dakika 40 na tulikuwa na miadi, ngazi hazina taa (mamangu asingeweza kupanda), na risiti ni ya kuandikwa kwa mkono na hupewi mpaka uiombe. Saa nzima ni shilingi 1,500.

Kijana ametuma fomu yake, bado twangoja. Lile grupu la boti amejitoa, nlimuona mwenyewe akibonyeza. Mkienda nendeni asubuhi, Ijumaa mchana hafungui, na mzazi awe tayari kukaa nje.