Sebule ya boho: Kariokor nawapa nane kwa kumi, fundi wa sofa nampa mbili

Sasa watu wangu, hii ripoti ya sebule niliahidi tangu Disemba na tumefika Agosti, lakini afadhali nilichelewa maana wiki ya kwanza kila kitu ni kizuri. Ukilisifu zulia siku ya kulitandika bado hujasema kitu, ngoja likae na watu miezi nane, limwagikiwe chai, likanyagwe na viatu vilivyotoka Umoja siku ya mvua, ndio uje utuambie.

Nimepanga Umoja, hapa Nairobi, chumba kimoja cha kulala, sebule ni futi 12 kwa 11, taili nyeupe, ukuta wa krimu, na balbu nyeupe ile ya kukufanya uonekane kama umelazwa wodini. Nilitaka boho, ile staili ya kukaa chini chini, mito kibao, vitu vya kusukwa, rangi za udongo, hakuna kinachofanana na mwenzake lakini vyote vinaelewana. Kuna duka moja la kwenye moli, silitaji, waliniambia wana seti nzima ya boho kwa 85,000, zulia, kikapu, kibao kimeandikwa maneno ya Kizungu na mito sita inayofanana. Sita! Inayofanana! Hiyo ni yunifomu ya shule. Nikawaambia asanteni nitarudi, si mnajua hiyo nitarudi, nikatoka na bajeti yangu ya 40,000 kichwani.

Kwanza soko la Kariokor. Wengi wetu tunaijua kwa nyama choma na viatu vya ngozi, na jina lenyewe ni Carrier Corps, wale wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, likatafunwa midomoni mpaka likawa Kariokor. Nilienda Jumatano asubuhi, watu wachache, wauzaji hawajachoka bado. Upande wa vikapu unajua umefika kwa pua, mkonge una harufu kama gunia jipya limelala kwa nyasi kavu. Nikapata mama mmoja ameketi anasokota nyuzi kwa paja, mkono unaenda mbele unarudi, haangalii hata, macho yako kwangu anapima kama mimi ni wa kununua ama wa kupiga picha.

Nikamwambia, "Mama, nataka zulia la kukaa chini, si la kufuta miguu mlangoni." Akauliza ukubwa, nikatoa simu nimwonyeshe picha ya chumba. Akaisukuma. "Mwanangu hiyo simu inapima nini? Kesho kuja na kamba." Nikaona ni mzaha lakini nilirudi wiki iliyofuata na kamba kweli, nimeifunga fundo pale zulia litaanzia na fundo pale litaishia, na ndio maana zulia langu limeingia vizuri chini ya meza wakati la jirani yangu aliyekadiria kwa macho linagonga mlango.

Bei alianza 9,000 kwa futi tano kwa nane. Nikasema 5,000. Akacheka mpaka jirani yake wa kibanda akageuka, akaniambia hiyo ni bei ya kamba kabla haijasukwa. Tukamaliza 6,500 na akanionyesha kitu ambacho nitakitumia maisha yangu yote: lowesha kidole na mate, sugua ule uzi wenye rangi, kidole kikitoka na rangi achana na hicho kitu, siku ya kwanza ya maji itakutapikia kwa taili. Tulijaribu tatu pale, moja ilinipaka kidole wekundu na akairudisha chini ya rundo haraka haraka bila kusema kitu, nikajifanya sijaona.

Vyondo sasa, vile vikapu vya kusukwa, hapa nisikilizeni vizuri. Vingi vinasukwa na kina mama huko Ukambani, halafu vinafika Kariokor vikiwa uchi, na hapo ndio vinashonewa mikono ya ngozi na kitambaa cha ndani. Kwa hivyo kama kiondo ni cha kuwekea blanketi ama maua, unalipia ngozi ya nini? Omba ambacho hakijashonwa. Mimi cha kwanza nilinunua na ngozi 1,800, cha pili saizi ile ile bila ngozi 1,100, na kwenye sebule hakuna mtu amewahi kujua tofauti.

Makosa yangu, sio yao: niliweka chungu cha maua ndani ya kile cha 1,800 moja kwa moja. Wiki tatu. Siku nakiinua, chini ni cheusi, kimeota ukungu na kinanuka kama kitambaa cha deki. Siku hizi naweka kifuniko cha ndoo ya rangi chini ya chungu na hakuna shida.

Zulia nalo, miezi nane, ukweli wote. Wiki ya kwanza linatoa vumbi na vinyuzi, unafagia kila siku. Linateleza kwa taili, nunua raba ya kuweka chini, usingoje kuanguka na sinia ya chai kama mimi. Na hiyo chai ndio iliniletea kilio cha pili, maana badala ya kufyonza na kitambaa kikavu nililimwagia maji na sabuni nikasugua kama nafua jinzi. Mkonge unakunywa maji, ukikauka unaacha duara la kahawia kubwa kuliko doa lenyewe. Liko hapo mpaka leo, nimeweka kiondo juu yake na wageni wananiambia jinsi nimekipanga vizuri. Tena magoti, kama una mtoto wa kutambaa sahau kabisa, linakwaruza. Na Julai, hiyo baridi ya Nairobi, mkonge juu ya taili ni kama kukaa kwa mawe, ikabidi nipande Eastleigh nichukue kazulia kadogo kalaini ka 2,500 nikakalaza juu kwa mshazari. Kumbe hiyo ya kulaza zulia juu ya zulia ndio boho yenyewe, mimi nilikuwa nakimbia baridi tu. Bado nawapa nane. Halijafumuka hata uzi mmoja.

Haya, fundi.

Yeye namwita tu fundi wa barabarani, jina lake na namba yake vitabaki na mimi. Nilitaka sofa la paleti, zile fremu za mbao za kubebea mizigo, chini kabisa, inchi 12 kutoka sakafuni mpaka juu ya sponji, ndio mito ya chini na sofa viongee lugha moja. Nikamchorea. Nikaandika 12 nikaizungushia duara. Nikatuma dipoziti ya 10,000 kwa M-Pesa, akasema wiki moja. Wiki ya kwanza stima ilipotea. Ya pili kijana wake alienda ushago. Ya tatu simu inaita tu. Ya nne ikafika kwa mkokoteni, inchi 18, nimeipima mbele yake, na unajua alinijibu nini? "Madam, niliona 12 nikajua umekosea, nikakurekebishia." Amenirekebishia! Bure! Nikalipa 6,000 iliyobaki nikiwa nimechoka, nikaazima msumeno kwa jirani wa chini nikakata miguu mwenyewe Jumapili nzima, na mpaka leo kona moja inacheza kidogo nimeiwekea kadi ya simu ya zamani.

Sponji nayo, aliapa ni hai densiti, ile ngumu isiyobonyea. Miezi mitatu ilikuwa imebonyea katikati kama sahani ya supu. Nikanunua nyingine dukani mwenyewe 5,500. Mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za mbao maana mbao iko sawa, na hiyo pia ni kwa sababu nilikuwa nimesoma kabla. Paleti za mizigo ya nje zinapigwa muhuri, tafuta herufi HT, maana yake mbao ilipashwa joto kuua wadudu. Ukiona MB iache, hiyo ilifukizwa na methili bromidi, ni sumu, si kitu cha kulalia na mtoto. Paleti isiyo na muhuri wowote hujui ilibeba nini, inaweza kuwa dawa ya shamba.

Gikomba, soko la mitumba, siwezi andika sana, mnaijua kuliko mimi. Mapazia manne ya pamba, 400 kila moja, rangi ya chai ya maziwa, mawili ni mashuka kusema ukweli lakini yakining'inia nani anajua. Ukienda asubuhi bale inafunguliwa unapata kamera, zile safi za kuchaguliwa kwanza, lakini bei pia ni ya kamera, mimi nilienda saa tisa wakati wanataka kufunga mizigo na kovazi za mito zikawa 150. Nilichukua nane, hakuna mbili zinazofanana. Osha zote na maji moto kabla hazijaingia nyumbani, usibishane na mimi kwa hili.

Mbili za ziada nilishona kwa leso ya Biashara Street. Leso moja ni kama mita moja na nusu kwa upana, nikaona inatosha mito miwili mikubwa, nikakata katikati bila kufikiria jina, yale maneno yaliyoandikwa chini. Lilikuwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Sasa mto mmoja unasema MGENI NJOO MW na wa pili unasema ENYEJI APONE, na kila mtu akikaa anasoma kwa sauti halafu ananiangalia. Kama unashona, jina likae katikati ya mto mmoja, hicho kipande kingine kiwe cha maua. Na iloweke kwanza kwa maji peke yake, leso mpya inachuja.

Kitu cha bei rahisi kilichobadilisha chumba kuliko vyote ni balbu. Shilingi 300. Angalia kwa boksi, hiyo namba yenye K ndio rangi ya mwanga, ile ya landilodi ilikuwa 6500K, nyeupe ya buluu, nikaweka 2700K, ya manjano kama jioni, mbili, moja kwa taa ya chini nyuma ya sofa. Kama una elfu moja tu mwezi huu anza hapo, zulia litangoja.

Ukutani ndio nilikuwa nimekwama, maana keateka, mwangalizi wa nyumba, alishanionya misumari ni dipoziti, ukihama wanakukata pesa ya rangi. Nilitaka makrame, yale mapambo ya kamba za mafundo, nikaona za mtandaoni 4,500, nyingine kamba yenyewe ni nailoni inang'aa kama ya kuanikia nguo. Halafu mama yangu akaja kutoka Machakos. Akaingia, akaangalia sofa, akauliza, "Viti vimeenda wapi?" Nikamwambia ndio hivyo mama. Akakaa, kushuka ilikuwa rahisi, kuinuka tulimvuta watu wawili. Akasema nyumba ni nzuri lakini imekaa kama ya watu wanaohama kesho.

Nilipoenda kumrudisha nikaona vile vitambaa vyake vya kushona na kruchia, vya kuweka kwa migongo ya viti, vimejaa sanduku tangu anunue sofa za ngozi. Nikaomba kumi na tano. Nimeviunganisha na uzi mweupe, nimevining'iniza kwa paipu ya pazia, hakuna msumari, na jioni ile balbu ya manjano ikiwaka nyuma yake ukuta mzima unapata maua ya kivuli. Watu wanauliza nilinunua wapi. Mama anajua, na ameanza kuulizia malipo.

Bajeti ya 40,000 nilipita kidogo, lawama zote kwa sponji. Jumatano narudi Kariokor, nataka kikapu kirefu cha nguo chafu chenye kifuniko, na kamba nimeshaifunga mafundo.