Vibao vya plaiwudi vya kuandikia darasani, vya fundi wa Likoni: nyota 4 kati ya 5

Mimi nafundisha gredi ya 1, ya 2 na ya 3 chumba kimoja, watoto 31, mwalimu ni mimi peke yangu. Kipindi cha wadogo hawa ni dakika 30, sasa gawanya mara tatu, kila kundi dakika 10 na hapo hujafunga kamba ya kiatu cha mtu wala hujaamua nani kachukua raba ya nani. Kwa hivo kitu chochote kinachonipunguzia kuzunguka madawatini nakithamini sana.

Mwaka jana nlinunua vibao vya plastiki vya maka pen, duka moja huko kisiwani Mombasa. Wiki ya tatu maka zishakauka manake mtoto wa gredi ya 1 hafuniki kalamu umwambie usimwambie, na wino ukilala usiku mmoja haufutiki vizuri, unabaki kivuli. Kurudisha dukani, naambiwa mali ikishatoka hairudi.

Ndo nikaenda kwa fundi wa mbao huku kwetu Likoni. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 akaikata vipande vya inchi 12 kwa 8, vikatoka 48, akapaka rangi ya ubao wa chaki mara mbili. Mimi nlitaka plaiwudi ya milimita 3 sababu bei yake ni rahisi, akakataa, akaniambia "mwalimu, hiyo kwa hewa hii ya bahari itajikunja, chukua ya 6, na tupake pande zote mbili, ukipaka mmoja ule mwingine unavuta unyevu kibao kinapinda." Nilimsikiza, na mpaka sahii vimenyooka. Plaiwudi, rangi na ufundi vyote havikufika 5,000.

Sasa darasani. Naandika neno moja ubaoni, tuseme samaki. Gredi ya 1 waandike silabi ya kwanza, gredi ya 2 neno zima bila kuangalia, gredi ya 3 sentensi. Halafu "inua vibao!" na kwa jicho moja naona wote 31, nani kapata, nani kakwama, nani anamwibia mwenzake. Kuna binti wa gredi ya 2 alikuwa anachanganya b na d, zamani nagundua usiku nikisahihisha madaftari, yeye keshalala na kosa lake. Juzi kainua kibao kimeandikwa "dada amekwenda kuvua", nikamuuliza nani kaenda kuvua, akasema baba, akakitazama mwenyewe, akafuta kwa kiganja akaandika upya. Nusu dakika hata haikwisha nami nikarudi kwa gredi ya 3. Kwangu mimi hiyo peke yake imelipa pesa yote.

Nyota moja nimeipunguza kwa pembe. Hazikupigwa msasa sawasawa, mtoto mmoja akaingiwa na kibanzi kidoleni siku ya pili tu. Fundi alivirudia bila kunitoza lakini alikaa navyo Ijumaa mpaka Jumatano, na siku hizo darasa lilinishinda wallahi. Pia hakuna mtu aliyeniambia kwamba kibao kipya kabla ya kukiandika unalaza chaki ubavu, unakipaka chote, kisha unafuta. Vitatu nlivianza bila hivo na herufi za siku ya kwanza bado zaonekana.

Vumbi la chaki lipo, nina mtoto wa pumu namkalisha karibu na dirisha, na tunafutia vipande vya leso kuukuu vilivyoloweshwa kidogo, kidogo tu, kibao kikirowa chaki haishiki. Na daftari usiliache, manake kazi ya kibao ikifutwa imekwenda, mzazi akija huna cha kumwonyesha.

Kati ya vile 17 vilivyobaki, kumi nimempa ustadhi wa chuo cha Kurani hapa jirani, nyanya yangu alipoviona akafurahi sana, akasema ndo kama zile mbao walizoandikia chuoni enzi zao.

Ukienda kuagiza mwambie mapema aviringishe pembe, vipitishe kidole pembeni, kibao kimoja kimoja, kabla hujalipa nusu ya mwisho, na nenda likizo ya Aprili au Agosti, shule zikikaribia kufunguliwa anajaa kazi ya madawati.