Weeksville, Brooklyn: nendeni mkatembezwe nyumba za Hunterfly Road

Kama unaishi New York au unapita tu na nusu siku iko wazi, nenda Weeksville Heritage Center kule Brooklyn, na ukifika chukua ziara ya kutembezwa ndani ya nyumba, usiishie kupiga selfi nje halafu ukaondoka. Kwangu hii ni nyota tano na ningeipa sita kama zipo. Nimeshatembezwa makumbusho mengi hapa Marekani, siyataji, unaoneshwa kiti cha tajiri, sahani za tajiri, kitanda cha tajiri, unatoka hata hujui nani alikuwa anafua mashuka ya hicho kitanda. Hapa ni kinyume kabisa, hapa ni nyumba za watu wa kazi, na waliozinusuru nao ni watu wa kazi pamoja na watoto wao wa shule.

Weeksville yenyewe kwanza, ilikuwa makazi ya watu weusi huru, maana hata wenyeji wengi wa Brooklyn ninaofanya nao kazi hawaijui. Mwaka 1838 mtu mmoja anaitwa James Weeks, mtu mweusi huru mwenye asili ya Virginia, kuli wa bandarini, alinunua ardhi kwa mweusi mwenzake Henry C. Thompson. Utumwa katika jimbo la New York ulikuwa umefutwa 1827, yaani miaka 11 tu nyuma. Sasa sikilizeni hii ya ardhi, maana ndio moyo wa habari yote: katiba ya jimbo ya 1821 ilisema mwanaume mweusi hapigi kura mpaka awe na mali ya ardhi au nyumba ya thamani ya dola 250, huku wazungu masharti yao ya mali yakilegezwa. Dola 250 wakati ule kwa kuli ni hela ndefu sana. Kwa hiyo ukinunua kiwanja ukajenga kibanda chako umepata pa kulala na umepata kura humohumo, na wale watu walilijua hilo vizuri, walikuwa wanatangaziana viwanja, wanauziana wao kwa wao, mpaka kufikia miaka ya 1850 walikuwa wameshazidi watu 500. Wakawa na makanisa yao, shule yao, kituo cha yatima, nyumba ya wazee, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe wakawa na gazeti linachapwa hapohapo. Susan Smith McKinney Steward, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa daktari katika jimbo la New York, alihitimu 1870, naye anahesabiwa mtoto wa huku.

Halafu kuna Julai 1863. Wazungu wa Manhattan waliokuwa wanapinga kuandikishwa jeshini kwa nguvu wakageuzia hasira zao kwa watu weusi, wakaua, wakachoma moto mpaka kituo cha watoto yatima weusi pale Fifth Avenue. Waliofanikiwa kutoroka wengi wakavuka maji kuja Brooklyn na Weeksville ikawapokea. Mtu ukiwa umesimama ndani ya kile chumba kidogo chenye dari fupi ukiambiwa habari hiyo unajikuta unawaza walilala wangapi, walikula nini, nani alikaa mlangoni usiku kuangalia njia.

Nyumba zenyewe usitegemee jumba. Ni nyumba ndogo za mbao, ukipita haraka unaweza kudhani ni za mtu binafsi, na zimekaa upande, hazikufuata barabara za sasa hata kidogo. Ni kwa sababu zilijengwa kufuata njia ya zamani ya Hunterfly Road, kabla jiji halijachora mitaa yake iliyonyooka. Daraja la Brooklyn lilipofunguliwa 1883 mji ukaja juu kwa kasi, viwanja vikakatwa upya, majengo yakafunika kila kitu na jina Weeksville likapotea midomoni mwa watu. Ndani kumepangwa kwa vipindi, nyumba moja unaona maisha ya miaka ya 1860, nyingine mwanzoni mwa karne ya 20, nyingine miaka ya 1930, na huo mpango naupenda sana maana unaona watu walivyoendelea kuishi, sio kwamba historia ya weusi iliishia kwenye minyororo basi.

Sasa sehemu iliyonishika kuliko zote ni jinsi zilivyopatikana. Mwaka 1968 mwanahistoria James Hurley alikuwa anaendesha darsa la historia ya mtaa, na Joseph Haynes alikuwa anajua kurusha ndege, basi wakapanda kindege kidogo wakazunguka juu ya Brooklyn wakitafuta kama kuna chochote kilichobaki. Kutoka juu ndio wakaona zile nyumba zilizokaa upande, jirani na Bergen Street. Kipindi hichohicho karibu na hapo tingatinga zilikuwa zinabomoa majengo kwa mradi wa jiji, basi watu wa mtaa, skauti na wanafunzi wakaingia kwenye vifusi kuchimba kabla havijazolewa. Wakatoa vyombo, viatu, vitu vya nyumbani, na ikapatikana picha moja ya zamani ya bati ya mwanamke mweusi amependeza kweli, jina lake halijulikani mpaka leo, wanamwita tu Bibi wa Weeksville. Angalieni vizuri uso wake mkipata nafasi, nimeshindwa kuueleza.

Halafu watoto wa shule ya msingi ya jirani, P.S. 243, wakaenda kutoa ushahidi mbele ya tume ya jiji ya majengo ya kihistoria kwamba hizi nyumba zisibomolewe. Watoto wa shule ya msingi jamani! Na 1970 tume ikazitangaza zinalindwa. Mimi nimekulia Kariakoo nimeona nyumba za Kiswahili za baraza na ua zinashuka moja baada ya nyingine zinapanda ghorofa, sikumbuki hata siku moja mtu alituuliza sisi watoto tunaonaje, ndio maana hapa nilisimama muda mrefu.

Tangazo la serikali haliezeki paa lakini. Hapo ndio anaingia mama Joan Maynard, msanii wa kuchora, aliyeongoza chama cha kuhifadhi historia ya Weeksville na Bedford-Stuyvesant, mtaa mwingine wa Brooklyn, kuanzia 1974 mpaka 1999. Miaka 25! Kutafuta hela, kubembeleza ofisi, kuingiza wanafunzi, kuzuia nyumba zisioze. Ukarabati mkubwa ukaja kukamilika 2005 na yeye akafariki 2006, yaani alijaaliwa kuziona zimesimama. Kwa maoni yangu huyu mama angestahili barabara.

Jengo jipya la kisasa lilifunguliwa mwishoni mwa 2013, wamelichora Caples Jefferson, kampuni ya wasanifu majengo, lina kioo kingi na mbao zenye michoro ya kiafrika, na kati yake na zile nyumba kuna uwanja wa majani. Ni zuri, lina maonyesho na kumbukumbu, ila msimalizie muda wote humo. Halafu mjue kwamba mwaka 2019 kituo kilikuwa karibu kufungwa kwa kukosa fedha, wakaomba mchango mtandaoni na ndani ya wiki chache watu wakachanga zaidi ya dola 200,000, mwaka huohuo jiji likakiingiza kwenye orodha ya taasisi za utamaduni zinazopewa ruzuku kila mwaka. Kwa hiyo ukinunua tiketi au ukiacha chochote pale, hela yako inafanya kazi ya kweli, usione uchungu.

Ya kuzingatia: ndani ya nyumba huingii peke yako, ni kwa ziara, kwa hiyo angalia ratiba na uweke nafasi onlaini kabla hujatoka nyumbani. Vyumba ni vidogo, ngazi nyembamba, mwenye tatizo la miguu apige simu kwanza aulize. Muulize muongozaji maswali mengi, hasa kuhusu ule uchimbaji, usiogope kiingereza chako. Treni shuka Utica Avenue kwa A au C, kisha utembee kidogo, anwani ni 158 Buffalo Avenue.

Na mkitoka bado mna nguvu, jirani hapohapo kwenye majengo ya Kingsborough, ambako watu wanaishi kama kawaida, kuna mchongo mrefu ukutani wa Richmond Barthé, mchongaji mweusi wa zama za Harlem Renaissance, ule mwamko wa sanaa za weusi, umewekwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940. Watu wengi wanaokwenda Weeksville wanaupita bila kujua. Ulizeni wenyeji watawaonesha.