Rimu za IST ya mkononi: dawa inayogeuka rangi ya damu ya mzee imetoa madoa ya breki yaliyoshindikana

Wakuu, kwa wale wenye gari za mkononi mnaosumbuliwa na rimu zenye weusi na vidoti vya kahawia visivyotoka hata uoshe vipi, naleta uzoefu wangu wa ile dawa ya rimu isiyo na asidi, ile ukiipuliza inageuka rangi yenyewe. Nimeitumia kwenye Toyota IST yangu namba D, rimu za spoti za aluminiamu ambazo nilinunua gari zikiwa tayari zimechoka, na kiukweli imefanya kazi ambayo waosha magari wote niliowapelekea hapa Mwanza walishindwa. Siyo kila kitu kimetoka, nitaeleza, ila kama klia ya rimu zako, ile rangi ya juu isiyo na rangi inayoleta mng'ao, bado nzima usikimbilie kupiga rangi, jaribu hii kwanza.

Tuelewane kwanza doa lenyewe ni nini, maana watu wanasugua mpaka wanachoka wakidhani ni matope. Ukikanyaga breki pedi zinabana diski na diski ni chuma, kwahiyo unaruka unga wa chuma pamoja na unga wa pedi, tena wa moto, unatua kwenye rimu na kujichimbia kwenye klia. Ukipata maji unashika kutu humohumo, ndo hivyo vidoti vya kahawia. Sabuni inatoa mafuta na vumbi, kutu iliyoingia kwenye klia haiiwezi, hata umwage Omo pakiti nzima.

Na utaona za mbele ndo chafu zaidi, kwasababu breki za mbele ndo zinabeba kazi kubwa ya kusimamisha gari, nyuma kwenye IST kama yangu ni breki shuu, unga mwingi unabaki ndani ya drami, lile bakuli la chuma linalofunika shuu. Sasa ongeza na milima yetu. Mimi nakaa Isamilo, kushuka kule asubuhi mguu hautoki kwenye breki, na watu wa Bugarika na kule juu Bugando najua mnanielewa.

Sasa dawa. Nilisubiri rimu zipoe kabisa, gari likiwa kivulini, asubuhi kabla jua halijawa kali, hii ni muhimu sana kwasababu dawa ikikaukia kwenye rimu ya moto inaweza kuacha michirizi yake yenyewe. Nikaosha kwanza kwa maji na sabuni ya maji nikasuuza, ndo nikapuliza rimu nzima. Dakika moja hivi haijaisha naona inaanza kuchuruzika zambarau, halafu ikaiva ikawa damu ya mzee kabisa, inatiririka mpaka chini. Rangi hiyo siyo uchafu wala siyo dawa kuharibika, ni dawa inashikana na chuma na kukiyeyusha, palipo na chuma kingi panaiva zaidi, kwahiyo inakuonyesha pa kukazania. Nikaacha dakika tatu nne hivi bila kuiacha ikauke, nikapitisha brashi laini, kwenye zile nati nikatumia mswaki wa zamani, nikasuuza kwa maji mengi. Rimu za nyuma zilitakata hapohapo, za mbele nikarudia.

Harufu jamani. Inanuka mayai viza, na kama ulikuwepo enzi za kalikiti saluni, ile dawa ya kusokota nywele, utaijua mara moja, maana kemikali iliyomo nyingi ya hizi dawa ni ya ukoo uleule na ile ya kalikiti. Fanyia nje penye upepo, vaa glavu na barakoa, na watoto wasisogee. Na kabla hujaanza usimruhusu mtu akupulizie rimu kavu kwa kompresa, ule unga ni laini sana na unaishia mapafuni kwenu.

Ambacho haikutoa ni vidoa vya lami, hivyo ni vyeusi vinang'aa na havigeuki rangi hata upulize mara ngapi, kwasababu siyo chuma. Vile nilivilainisha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo nikaosha tena kwa sabuni. Pia kuna sehemu kwenye ukingo wa rimu ya mbele kulia ambapo klia ilishabanduka na aluminiamu imeota kitu cheupe kama unga, pale hakuna dawa ya kupuliza itakayosaidia, hiyo ni kazi ya fundi rangi. Ukinunua gari angalia hapo vizuri, doa la breki linasafishika ila klia iliyobanduka hairudi.

Naomba sana muachane na mambo ya maji ya betri, dawa ya choo na stiliwaya. Nimeona rimu za jirani yangu zilizopakwa dawa ya choo na muoshaji mmoja, siku ileile zilimeta kweli, baadae zikafifia zikawa na ukungu mweupe usiotoka mpaka leo. Asidi inakula kutu na inakula na klia na aluminiamu yenyewe. Stiliwaya nayo inakwangua klia, na mikwaruzo ile ndo inashika unga mpya kirahisi zaidi. Dukani uliza moja kwa moja isiyo na asidi, na usome chupa.

La mwisho kwenye kuosha, msishushe gari ziwani. Najua bado watu wanapeleka gari ufukweni kwasababu maji ni ya bure, lakini maji tunayokunywa majumbani yanavutwa humohumo, Capri Point na Butimba, na samaki wetu wako humo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la kulindwa. Ule unga wa breki na kemikali vyote vinaingia majini. Fanyia sehemu yenye shimo la maji taka.

Ukimaliza, breki zinakuwa zimelowa, kwahiyo endesha taratibu na ukanyage breki kidogo kidogo mpaka zishike sawasawa ndo uingie barabarani. Mimi baada ya kukausha nilipaka waksi ya gari kwenye rimu, na sasa nikiosha kwa sabuni ya kawaida kila wiki unga unatoka kabla haujajichimbia. Kushuka Isamilo naweka gia ya 2 badala ya kuning'inia kwenye breki, weusi umepungua na pedi nazo zinapumua.

Chupa ni ya nusu lita, mwenye duka mjini kati alianzia 35,000 tukamalizana 30,000, rimu zote nne zimetosha na imebaki kidogo ya kurudia za mbele.